Kilo Kumi na Nne za Gasigwa

Goma, Jumapili, mwezi wa tano 1957. Saa tisa mchana.

Mvua imekatika sasa hivi. Bati bado linadondosha matone, watoto wangu wameshatoka kukanyaga madimbwi kwenye mawe, na mama yao anawapigia kelele ambazo hawazisikii. Jumapili nyingine ningetoka kucheka nao. Leo nimejifungia chumbani kama mtu mwenye homa, na homa sina.

Nina aibu. Niliandika kwanza "nina huzuni", nikafuta. Huzuni ni neno la heshima, mtu anaweza kwenda nalo kanisani watu wakampa pole. Mimi ni aibu tu niliyo nayo, na pole sistahili.

Nianze wiki nne zilizopita, maana nikianzia jana nitaishia kujihurumia.

Mimi ni muuguzi wa koleji, shule ya sekondari ya mapadri. Wanafunzi huniita munganga, yaani daktari, nami sijawahi kuwasahihisha. Daktari mwenyewe, Mzungu, huja mara moja kwa mwezi. Siku zote zinazobaki, kikohozi na minyoo na vidonda vya miguu ni vyangu. Mwezi uliopita alikuja na kazi mpya. Michezo ya shule ilikuwa inakaribia, wanafunzi wa Bukavu walitazamiwa kuja, na mwaka jana vijana wetu wawili waliumia mabega kwa kutupa mkuki na tufe. Akataka mabega ya wanamichezo wote yapimwe kabla ya mazoezi makali, ili bega lenye ugonjwa lijulikane mapema na mwenye nalo apumzishwe.

Alinionyesha namna ya kupima, na kazi ile niliipenda papo hapo. Unatundika ukutani mizani ya ndoano, ile ile ya kupimia magunia ya kahawa. Kwenye ndoano unafunga ukanda wa ngozi, na ukanda unazunguka kifundo cha mkono wa kijana. Anasimama ubavu kwa ukuta, kiwiko amekikunja na kukibana mbavuni, na kati ya kiwiko na mbavu unaweka kitambaa kilichokunjwa. Kisha anavuta mkono kwenda nje, polepole, nawe unasoma mshale. Kitambaa kikianguka, kipimo hakihesabiwi, maana yake amevuta kwa mwili badala ya bega. Unapima kulia, unapima kushoto, unalinganisha. Baada ya hapo anainua mkono ukutani uweke alama ya chaki, anapeleka kidole gumba mgongoni uone kinafika wapi, anakaa chini na kurusha kwa mkono mmoja mpira uliojazwa mchanga. Mwisho kuna maswali. Unaweza kulalia upande huu? Unaweza kupandisha ndoo begani? Unaumwa ukivaa shati?

Daktari alirudia jambo moja mara mbili: mmoja mmoja, ndani, mlango ufungwe.

Mimi nilipima uani.

Nilisema zahanati ina giza, mshale hausomeki. Ni kweli ina giza. Lakini taa ninayo, na mafuta yalikuwemo. Nilitaka kuonekana. Nilitaka vijana kumi na wanane na walimu wao wanione na mizani ya daktari mkononi, kalamu sikioni. Na kosa hili lingeweza kufanywa na mtu wa kwetu tu, maana Mzungu hakujua sababu ya mlango ule vizuri kama mimi. Kwetu mvulana akishaanza kwenda na ng'ombe hafundishwi tena kusema anaumwa. Kwa Wanande, watu wa Butembo na Beni, ni hivyo hivyo. Katika ujinga huo tunaelewana vizuri sana. Ukimwuliza kijana mbele ya wenzake kama bega linamuuma, umemwuliza kama yeye ni mwanamume.

Walikaa bila kupangwa na mtu: wa Butembo na Beni upande wa jikoni, wa kwetu, wa Rutshuru na Masisi, kwenye ukuta wa chapeli. Kila kipimo nilikitangaza kwa sauti na kukiandika ukutani kwa chaki. Tulipofika kijana wa tano, haikuwa tena kazi ya zahanati, ilikuwa mechi. Paluku wa Butembo, mfupi, mgumu kama mchi wa kinu, alivuta kilo kumi na mbili kwa mkono wa kulia. Kitambaa hakikutikisika. Upande wa jikoni walishangilia mpaka mpishi akatoka na mwiko wake kuuliza nani amekufa.

Halafu akaja Gasigwa.

Gasigwa ni wa Kibumba, mwaka wa mwisho, umri wake ishirini, mrefu na mpole. Mimi kwetu ni Kalengera, mbele kwenye barabara hiyo hiyo ya Rutshuru, na kila lori la kwetu husimama Kibumba. Mama yake ananijua. Ameshawahi kunipandishia kikapu cha viazi kwenye lori bila kuniomba chochote, kwa sababu tu mwanawe yuko shuleni ninapofanya kazi.

Alivua shati. Mtu mwenye mabega mazima huvua shati bila kufikiri. Gasigwa alitoa kwanza mkono wa kushoto, akalipitisha shati juu ya kichwa, kisha akaliteremsha kwenye mkono wa kulia taratibu, kama unavyomvua mtoto aliyelala. Dalili hii ninaijua. Nimeifundisha hata kwa msaidizi wangu wa zamani. Nilimtazama, nikajua, na badala ya kumpeleka pembeni nikauliza kwa sauti ya mnada: "Unaumwa?"

"Hapana, munganga."

Angejibu nini kingine?

Akavuta. Mkono wa kushoto, kumi na moja. Mkono wa kulia, ule wa mkuki, saba.

Sauti ikatoka upande wa jikoni: "Ile ni mukono ya maziwa! Arudiye kwa mama yake, akunywe ingine!" Watu wakacheka sana. Ni utani tu, watu wa ng'ombe na watu wa mashamba wanataniana tangu zamani, na vijana wetu nao wana maneno yao juu ya biashara za Wanande. Lakini neno lile lilinichoma mimi. Nilipokuwa nasomea uuguzi nilikuwa peke yangu wa kwetu darasani, na jina langu kwa miaka mitatu lilikuwa Maziwa. Nilidhani nimelisahau. Mwanamume wa miaka thelathini na sita, mwenye mke na watoto wanne, msalaba shingoni, akaumizwa na neno hilo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikasema ukanda umeteleza, tunarudia. Ukanda haukuteleza. Nikainama kama ninayeukaza, na kwa lugha ya nyumbani, midomo ikiwa karibu imefungwa, nikamwambia azungushe kiuno kidogo, mwili uende pamoja na mkono.

Alinitazama. Kijana mtiifu. Akafanya nilivyosema.

Kitambaa kilianguka. Kiliangukia kiatu changu, kwa hiyo siwezi hata kujidanganya kwamba sikukiona. Nikapiga hatua mbele, kikabaki nyuma yangu. Mshale ulifika kumi na nne, nami nikaita "Kumi na nne!" kwa sauti ambayo sina hata nikiimba kanisani. Vijana wetu walimnyanyua juu kwa kumshika mikono, na nikaona jinsi alivyouma meno. Nililiona hilo pia.

Jioni niliandika kipimo kwenye daftari la daktari, kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri. Pale ningeweza kuandika saba. Hakuna aliyekuwa akicheka tena wala kushangilia, nilikuwa mimi na kalamu. Niliandika kumi na nne. Daktari alipopita kulikagua alisoma orodha yote, akasema kazi safi.

Na nililala vizuri. Ninaliandika hili kwa makusudi, nisije siku moja nikasoma daftari hili nikadhani dhamiri ilinisumbua. Wiki tatu nzima nililala vizuri.

Vijana wawili wenye vipimo vya chini walipumzishwa. Walinuna, na leo ni wazima kabisa. Gasigwa, kwa kuwa jina lake lilikuwa la kwanza, alipewa mkuki, mazoezi kila siku baada ya masomo. Paluku akawekwa wa akiba.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya michezo. Mtupo wa kwanza wa Gasigwa ulikuwa mzuri, wa pili mfupi. Wa tatu, nilikuwa nimesimama mbali kiasi, nikaona mkono ukienda nyuma na usirudi kama unavyotakiwa kurudi. Mkuki ulianguka karibu naye. Akapiga magoti, akashika kiwiko chake, hakulia. Nilikimbia. Bega lilikuwa limeteguka, kichwa cha mfupa kimekaa mbele, ngozi imevutika juu yake. Nikamlaza, nikavua kiatu, nikaweka kisigino changu kwapani mwake na kuvuta mkono polepole mpaka mfupa ukarudi mahali pake. Watu walipiga makofi. Walinipigia mimi makofi, na wageni wa Bukavu nao. Gasigwa, jasho likimtiririka, akasema, "Asante, munganga."

Daktari alikuwapo. Alilipapasa bega lile kwa muda mrefu, akaniagiza nimletee daftari, akasoma, akapapasa tena. Alisema ugonjwa wa bega hili ni wa miezi mingi, na bega la namna hii haliwezi kuvuta kilo kumi na nne hata siku moja. Hakuniuliza kitu. Alimwachia daftari padri Mzungu anayesimamia nidhamu, akapanda gari lake.

Leo, baada ya misa ya pili, padri aliniita ofisini. Daftari lilikuwa wazi juu ya meza.

"Ulipima wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, padri."

"Na namba hii uliisoma kwa macho yako?"

"Ndiyo, padri."

"Basi kijana alichezea mizani. Alikudanganya."

Hakuna mtu aliyewahi kuniwekea ukweli karibu hivyo. Nilihitaji kusema "hapana" tu. Neno moja, hata Kifaransa hakikuhitajika. Nilitazama kalenda ukutani, nikasema:

"Labda, padri."

Akatikisa kichwa. "Nyinyi watu na uongo," akasema, kisha akanigusa mkono. "Wewe hapana. Wewe ninakujua." Siku nyingine maneno yale yangenipandisha damu, ningekuja kuyaandika hapa kwa hasira kurasa mbili. Leo nilishukuru. Niliinama nikashukuru. Akaniambia kesho saa mbili asubuhi mapadri watakaa, na mwanafunzi aliyemdanganya daktari hatamalizia masomo yake hapa. Diploma ya Gasigwa imebakiza wiki nane.

Kutoka hapo nilikwenda zahanati. Gasigwa alikuwa kitandani, mkono umefungwa kifuani, na Paluku ameketi kando yake akimlisha maharage kwa kijiko. Nikauliza kama usiku kulikuwa na homa. Paluku aliweka sahani chini, akasimama, kwa adabu kabisa.

"Papa munganga, miye niliona ile kitambaa ikianguka. Nikanyamaza. Nilisema mu roho yangu, muzee naye ameiona, atasema."

Angenitukana, ningepata la kumjibu. Lakini alikuwa ananieleza tu, kama anayeomba radhi kwa kuniamini. Gasigwa alimvuta shati kwa mkono wake mzima.

"Wacha, Paluku. Padri ameisha kuniuliza. Nimemwambia ni miye peke yangu nilifanya vile." Halafu akanigeukia mimi, akashusha sauti. "Usiogope, papa. Weye uko na batoto."

Batoto wenyewe ndio hawa wanaopiga kelele hapa nje. Nyumba tunayolala ni ya misheni, nikifukuzwa kazi tunatolewa humo. Kijana wa miaka ishirini, mwenye mkono mmoja, alikuwa ameshalipima hilo na diploma yake, akaamua, bila kuniuliza. Na mimi nilimjibu nini? Nilimwambia apumzike. "Pumzika," nikatoka, nikafunga mlango vizuri. Leo nilikumbuka kufunga mlango.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sijui walisema nini juu ya muuguzi anayemsaidia mgonjwa kuficha.

Nilidhani siku imekwisha kunitosha. Saa saba, mvua ikiwa kubwa, mlango wangu ukabishwa. Alikuwa mama yake Gasigwa, nguo zimemganda mwilini, kibuyu cha maziwa amekibeba kifuani ndani ya khanga. Habari ilimfikia jana kwa lori la mboga. Alianza safari kabla ya mapambazuko, kwa miguu. Na kabla ya kwenda kumwona mwanawe alipita kwangu kwanza.

Mke wangu alimpa kiti na nguo kavu. Hakukaa. Alinishika mikono yote miwili.

"Baba, wameniambia ni weye ulirudisha mukono ya mutoto wangu. Miye sina kitu. Mungu akupe maisha murefu, weye na batoto bako."

Nilisema si kitu, mama, ni kazi yangu. Ndivyo nilivyosema kweli, kazi yangu.

Kisha akasema kilichomleta. Langoni wamemwambia kwamba kesho mwanawe atafukuzwa kwa sababu ya uongo. "Miye nilimuzaa, ninamujua. Hasemaka uongo. Weye ulimupima, weye unajua kweli yote, na padri anakusikiaka. Umusemee, baba."

"Nitasema, mama."

Akanishukuru tena, mara ya pili, hapo hapo, kwa jambo ambalo bado sijalifanya. Halafu nikampeleka zahanati chini ya mwavuli wangu. Njia nzima alinieleza jinsi Gasigwa alivyoanguka mwaka jana wakati wa likizo, akivuta ndama aliyenasa kwenye nyufa za mawe, na jinsi bega lilivyovimba, na jinsi kijana alivyomkataza yeye mama kumwambia mtu, asije akazuiwa michezo. Kumbe kila kitu kilikuwa kinangoja kuulizwa. Kingesemwa kwa dakika mbili, ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Watoto wamekunywa maziwa aliyotuachia. Mke wangu ameniwekea kikombe hapa mezani na ameshauliza mara mbili kwa nini sinywi. Bado hajui. Nitamwambia leo, akimaliza kumsuka binti yetu. Najua ataniuliza "juu ya nini?", yaani kwa nini, na ndilo swali gumu kuliko yote.

Tangu nimekaa hapa nimeshatafuta njia tano za kutokea. Mizani ni ya zamani. Jua lilinipiga machoni. Kelele zilinichanganya. Zote zinaweza kuaminiwa, maana padri anataka kuniamini. Na kila moja inamwacha Gasigwa nusu yake matopeni. Kusema kwamba kipimo ni saba si kazi kubwa. Kinachonikaba ni kusema sababu: kwamba vijana walicheka neno la maziwa, na mimi mtu mzima, muuguzi, nikataka wa kwetu awe wa kwanza kuliko wa Butembo, na bega la mtoto wa mtu likawa si kitu. Nitaisema mbele ya padri aliyekwisha kusema "nyinyi watu". Nitamwongezea ushahidi. Sawa, aupate, lakini aandike jina langu chini yake, aliache la Gasigwa.

Kuna jambo moja nilitaka nisiliandike.

Tulipofika mlangoni mwa zahanati, mama yule aliniuliza kesho angojee wapi. Nilimwambia angojee langoni, barabarani, kwa sababu pale kuna kibanda na huenda mvua ikanyesha. Alinishukuru hata kwa kibanda. Mvua haikuwa sababu. Nilikuwa nimeshaamua kusema, au nilijidanganya hivyo, na bado nilikuwa ninamweka mbali asinisikie. Nilitaka kesho nitoke ofisini, nimwambie "mwanao anabaki", na anishukuru mara ya tatu.

Sasa ninainuka. Nitakwenda zahanati kabla hajaondoka kutafuta pa kulala, nimwambie alale hapa kwetu, na kesho tutaingia wote wawili. Nitamwomba padri ampe kiti. Kisha nitasema yote, polepole, kwa Kiswahili ili mama yule asikose hata neno, na nitakuwa ninamtazama yeye.